Chakula cha Kunyang'anyana

Aliyeniambia habari ya kamera ni mlinzi wa getini, asubuhi ya siku ile ile aliyokuja muuguzi na mizani yake. Mimi natoa takataka, yeye anafagia mbele ya kibanda chake. Hakuniangalia. Aliongea kainamia ufagio, kama mtu anayezungumza na majani makavu.

"Mama, unajua chumbani kwa bibi kuna kamera?"

"Kamera ya nini?"

"Ndani ya ile saa mpya ya ukutani. Waliiweka siku ulipompeleka bibi kliniki. Mwanawe wa kiume anakuangalia kwenye simu huko huko aliko."

"Na wewe umejua lini?"

"Siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyeshika ngazi."

"Ndiyo unaniambia leo?"

"Nina watoto, mama."

Akaendelea kufagia. Nami nikabaki na mfuko wa taka mkononi. Ile saa nilikuwa naishukuru. Kila nikitaka kumpa mgonjwa dawa naiinulia macho, nasema angalau leo sipotezi majira. Kumbe tulikuwa tunaangaliana, mimi na huyo mwanawe, uso kwa uso.

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, niseme kwa kifupi. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, ila katika nyumba hii naitwa dada. Nilivuka mpaka kuja kumtunza mama mmoja mzee ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Akili yake imerudi nyuma, haijui mwaka wala haijui watoto. Namgeuza, namwosha, nambadilisha nepi, nalala kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda chake. Siku ya mapumziko sijaiona. Simu yangu inakaa kabatini kwa binti yake, napewa akijisikia. Pasipoti yangu aliichukua siku niliyofika, akasema anaitunza isipotee. Huyo binti namwita Madam, maana ndivyo alivyotaka.

Huko kwetu mume wangu kapooza upande mmoja. Wa kumwogesha hayupo isipokuwa mke wa mwanangu, naye mzee hataki. "Mkwe wangu anione uchi? Bora ninuke." Na kunuka kweli ananuka. Mke wa mwanangu huniambia kwa simu huku analia.

Ndipo Madam akanipa ahadi. Mama yake alikuwa amegoma kula, amebaki mifupa na ngozi. Akasema, muuguzi akija akakuta uzito umeongezeka, nitapewa pasipoti yangu na ruhusa niende nikamwone mume wangu. Hapo ndipo nilipoishia.

Kuna jambo wiki iliyopita nililiruka makusudi. Sikusema nilimlisha vipi. Leo nasema.

Nilijaribu uji, nikajaribu viazi vya kuponda, nikajaribu mchuzi wa kuku uliochujwa. Nikipeleka kijiko, mdomo anaufunga kama mlango wa benki. Nikibembeleza, anageukia ukutani. Mchana mmoja nimekaa na sahani mapajani, nimeshachoka, na njaa inanikata. Chakula changu mimi ni kile kinachobaki chini ya sufuria watu wote wakishakula, na siku ile sufuria ilikuwa nyeupe. Basi bila kufikiri nikatia kijiko kile mdomoni mwangu.

Bi Mkubwa akageuka.

"Wewe! Bi Mdogo! Unakula chakula cha nani?"

Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nikamjibu, "Changu."

"Chako umekitoa wapi?"

"Nimepewa."

Alinyoosha ule mkono wake mkavu, akanipokonya sahani, akala mpaka akailamba.

Nilipokwenda kuanika mashuka nikamuuliza mlinzi, Bi Mdogo ni nani? Alitazama madirishani kwanza.

"Sema polepole. Ni mke mwenza wa bibi. Alikuja nyumba hii kama dada wa kazi, Mzee akamwoa."

"Yuko wapi sasa?"

"Alifukuzwa Mzee alipokufa, udongo wa kaburi haujakauka. Alikuwa wa kwenu, mama. Hata kuongea mnafanana. Lakini jina lake usilitaje humu ndani. Wa mwisho kulitaja alikuwa mpishi."

"Mpishi gani? Mbona hakuna mpishi?"

"Ndiyo maana hakuna mpishi."

Basi nikawa Bi Mdogo. Asubuhi, mchana na jioni, mlango nimeufunga, Madam hayupo karibu. Natia chakula kwenye sahani, nakaa pale anapoweza kunifikia, naanza kula kwa maringo.

"Leo Mzee kaninunulia nyama. Peke yangu."

"Mwongo! Lete hapa!"

"Sikupi. Umezeeka, meno huna, nyama ya nini?"

"Meno nimekuachia wewe, ya kulia waume za watu!"

Halafu ananyang'anya. Akishakula anatabasamu, amenishinda. Mashavu yakaanza kurudi. Ikafika siku ananisubiri, ananiuliza, "Yule malaya hajaleta chakula chake leo?" Nami naingia.

Ila lazima nile kweli. Nikijifanya natafuna, anajua, na anagoma. Kwa hiyo kumeza nilimeza. Wala sitawadanganya kwamba nilimeza kwa uchungu. Njaa nilikuwa nayo.

Hayo yote, kumbe, ile saa ilikuwa inayatazama.

*

Muuguzi alikuja kabla ya chakula cha mchana. Madam alikuwepo, mkoba begani. Na kaka yake naye akatokea, mtu ambaye nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Mrefu, kimya, simu mkononi. Hakuitika salamu yangu. Nikajua.

Muuguzi akamweka Bi Mkubwa kwenye mizani, akaangalia, akaangalia tena.

"Hongereni. Ameongezeka vizuri sana."

Akamfunua mgongo, akampapasa viuno na visigino.

"Hana kidonda hata kimoja. Mtu wa kulala hivi! Nani anamtunza?"

Madam akanyoosha kidevu upande wangu. "Dada."

"Shangazi, hongera," muuguzi akaniambia. Kisha akafunga begi lake akaenda zake. Laiti ningemshika nguo asiondoke.

Madam akafungua mkoba. Akatoa pasipoti yangu akaiweka mezani, karibu na maji ya dawa. Ile rangi yake tu niliiona nikamwona mume wangu.

"Niliahidi," akasema.

Nikanyoosha mkono.

"Subiri," akasema kaka yake. "Kwanza angalia hii."

Akaweka simu mbele ya uso wa dada yake. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikaona juu ya mabega. Nilijiona. Mtu hajijui alivyo mpaka ajione kwa mgongo. Nilikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Nimekaa kwenye kigoda, sahani mapajani, natafuna. Mama yao ananyoosha mikono hewani, mimi naivuta sahani nyuma.

Sauti nayo ilikuwemo. "Sikupi. Umezeeka, meno huna."

Madam akaipokea simu.

"Ziko nyingi," kaka akasema. "Kila siku. Anakula chakula cha mama mbele ya mama. Mama ananyang'anya kama mtoto wa mtaani. Ndani ya nyumba yake!"

"Lakini uzito..."

"Anamjaza siku muuguzi akikaribia. Hawa tunawajua."

Nikasema, "Baba, si hivyo."

"Nyamaza! Nimekuona unameza. Umemeza au hukumeza?"

"Nimemeza."

"Umesikia? Amekiri mwenyewe."

Madam alikuwa ameichukua simu, anaisogeza sikioni. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena. Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Hapa anasema Mzee kamnunulia nyama. Mzee gani?"

Nikatazama chini.

"Nakuuliza, dada. Mzee gani?"

"Marehemu baba yenu, Madam."

Hata Bi Mkubwa akaacha kunung'unika.

"Na mama anakuitaje hapa?"

"Bi Mdogo."

Alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kitanda cha mtoto. Mkono wake ukaenda mezani, ukachukua pasipoti, ukairudisha mkobani. Zipu ikalia.

"Umejifanya yule mwanamke? Ndani ya nyumba ya mama yangu, ukajifanya yule mwanamke? Unajua mama alilia kiasi gani? Alilia mpaka machozi yakamwishia, akabaki anakohoa tu! Nani kakwambia habari zake?"

Ningesema mlinzi, na mlinzi angekula nini? Nikasema, "Mama yenu mwenyewe. Yeye ndiye aliyeniita hivyo, nami nikaitika."

"Napiga simu polisi," kaka akasema. "Kumtesa mgonjwa ni kosa. Ataozea ndani, halafu warudishwe wote kwao."

Wajukuu zangu mnaonisoma, hapo niliogopa. Si polisi niliyemwogopa sana. Niliogopa kwamba nikifungiwa nchi ya watu, mume wangu atakufa na uchafu wake, na watamwosha akiwa maiti, yule asiyetaka kuonwa akiwa hai.

Nikapiga magoti. Nikasema, "Piga, baba. Lakini saa ya chakula imefika. Mlisheni kwanza mama yenu. Akishakula, nifanyieni mnachotaka."

Madam akavua saa ya mkononi, akakunja mikono ya blauzi. "Nitamlisha mwenyewe."

Akaleta viazi vya kuponda na mchuzi. Akachota kijiko, akakipuliza. "Mama, fungua mdomo."

Mlango wa benki ukafungwa.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Binti yako."

"Binti yangu yuko shule. Wewe mkubwa namna hii una mama?"

Akapeleka kijiko. Bi Mkubwa akapuliza kama anazima mshumaa, viazi vikamrukia Madam kifuani. Kaka akajaribu. Yeye aliitwa daktari, akaambiwa hapa hakuna mgonjwa, aende nyumba ya pili. Alipolazimisha kijiko, aling'atwa kidole. Meno ni machache lakini kazi yanaijua.

"Hebu," Madam akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Hebu fanya unavyofanya."

Nikachukua sahani. Nikavuta kigoda. Mchezo huu haukubali mtu mwenye woga. Nikatia kijiko kikubwa mdomoni, nikatafuna kwa sauti.

"Mmh. Mzee leo kanikumbuka."

Kichwa cha Bi Mkubwa kikageuka.

"Mwizi! Umerudi?"

"Niende wapi? Si kwangu hapa."

"Kwako? Ulikuja na ndoo ya kudekia, leo kwako?"

"Ndoo nilikuletea wewe, sasa hivi dada wa kazi ni wewe. Mchuzi huu mtamu! Pole."

"Lete!"

"Sileti."

"Lete, nimesema, hasidi mkubwa!"

Akapokonya. Akala. Mchuzi unamtiririka kidevuni, macho yake kwangu, anatafuna kama anatafuna mimi. Watoto wake wamesimama ukutani. Sikuwatazama. Kazi ikianza huwezi kutazama pembeni.

Akabakiza kijiko kimoja. Siku zote huwa habakizi. Akakiangalia, akaniangalia. Akakinyoosha kwangu.

"Haya, kula na wewe. Usije ukafa humu wakasema nimekuua."

Nikafungua mdomo. Akanilisha. Kisha akanifuta midomo kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mwenye kiburi.

Nikasikia Madam analia. Kaka yake alipanda kitandani na viatu vyake, akaing'oa ile saa ukutani, akaikumbatia kifuani. Hakujua aiweke wapi.

*

Madam akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika mikono yote miwili.

"Nisamehe, dada."

"Yameisha, Madam."

"Sikujua."

"Hukujua. Mimi nilikuficha, nawe ukaniwekea macho. Tumelipana."

Akacheka huku kamasi zinamtoka. Kaka naye akasema, "Samahani, mama." Mama! Dakika chache nyuma nilikuwa wa kuozea ndani.

Nikasema, "Basi, Madam, nikabidhi pasipoti. Nikifunga mzigo sasa hivi nitalipata basi la jioni."

Mikono yake ikalegea kwenye mikono yangu. Hakuiachia, ila ililegea.

"Dada... ukiondoka, mama atakula kwa mkono wa nani?"

"Mtafuteni mtu. Nitamfundisha mchezo."

"Mtu gani? Anayeongea kama wewe? Wa umri wako? Mvumilivu wa kutukanwa mara tatu kwa siku? Umeona mwenyewe, mimi mtoto wake amenitemea."

"Uliahidi, Madam."

"Niliahidi kabla sijajua."

"Kabla hujajua nini?"

"Kwamba ni wewe tu."

Kaka akaingilia, mkarimu kweli kweli. "Hatutakuacha hivi hivi. Tutakununulia kitanda. Godoro lile sakafuni si sawa. Na chakula utakula mezani na watu."

"Na simu utakaa nayo mwenyewe," Madam akasema.

"Nashukuru. Mpaka lini?"

Tukajikuta wote watatu tunamtazama Bi Mkubwa. Yeye alikuwa analamba kijiko, mashavu yamejaa, ana rangi nzuri. Nilikuwa nimemtengeneza kwa mikono yangu. Kadiri nitakavyomlisha vizuri ndivyo nitakavyokaa, na kumlisha vibaya siwezi. Mtu anayenifuta midomo nitamlishaje vibaya?

"Na mume wangu?" nikauliza.

"Tutamtafutia mtu wa kumwogesha," Madam akasema haraka. "Mwanamume. Piga simu uwaambie. Piga sasa hivi."

Akanipa simu yangu. Nikaenda nayo barazani kwenye kamba za kuanikia, nikasimama katikati ya mashuka. Mke wa mwanangu akapokea mara moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwambie baba yako anakuja mtu wa kumwogesha, mwanamume, asihangaike tena."

Nikasikia anatoka nje, mlango unafungwa.

"Umenisikia?"

"Mama, baba ameshakubali."

"Amekubali nini?"

"Nimemwogesha leo asubuhi. Nilimwambia atapata vidonda. Hakukataa. Aligeukia ukutani tu, mpaka nikamaliza."

Nilishika shuka moja lisipeperuke. Lilikuwa limekauka zamani.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Usilie."

"Silii, mama."

Alikuwa analia.

"Nipe niongee naye."

"Hataki simu. Amejifunika uso. Ila amesema nikwambie neno."

"Sema."

"Amesema usihangaike kurudi. Eti aliyekuwa anamwonea haya ameshamwona, kwa hiyo haya imekwisha, na yeye mwenyewe amekwisha."

"Amekula?"

"Chakula kimerudi kama kilivyokwenda. Cha asubuhi na cha mchana. Nimembembeleza, mama, anafunga mdomo."

Sasa nyie mnaonisoma, niambieni. Mtu yule nimekaa naye tangu hana ndevu. Anapokasirika hali, na akigoma habembelezwi. Unakaa kando yake ukamsema jinsi alivyonitorosha kwetu usiku akasahau viatu vyake, akaja kuoa miguu mitupu. Atakuvumilia, atakuvumilia, halafu atacheka, na akicheka unampa tonge. Mke wa mwanangu hawezi kumwambia hivyo baba mkwe. Mtu mwingine wa kuyasema hayo hayupo. Mwenye maneno hayo ni mimi, na mimi niko hapa kwa watu, naitwa Bi Mdogo.

"Mwambie nakuja," nikasema.

"Lini, mama?"

"Mwambie tu nakuja."

Nikakata. Nilipogeuka nikamkuta mlinzi upande wa pili wa mashuka, anajifanya anakagua bomba.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Sijasikia kitu." Akapapasa bomba. "Komeo la geti dogo limeharibika. Nimeshamwambia Madam mara mbili, hasikii. Mtu akisukuma tu anatoka."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mchana huu macho yananiuma kweli. Nitalala kidogo kibandani."

"Una watoto, baba."

"Ninao. Ndiyo maana nimesema macho yananiuma, sijasema kitu kingine."

Akaondoka. Nikakusanya mashuka, nikayakunja, nikarudi ndani.

*

Kaka alikuwa ameshaondoka na saa yake. Madam amebaki. "Leo nitakaa na mama kidogo," akasema, kama mtu anayeomba ruhusa. Alijitupa kwenye kiti cha mikono upande wa pili wa kitanda, viatu kavua, mkoba kaupakata. Macho yamemvimba.

"Wamesemaje nyumbani?"

"Wamesema asante."

"Umeona? Mambo yatakaa sawa."

"Ndiyo, Madam."

"Kesho tukaangalie kitanda."

"Ndiyo, Madam."

Nikamlaza Bi Mkubwa, nikamweka mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti. Nikavuta pazia, jua lilikuwa linampiga usoni. Nikakaa kigodani mwangu. Nyumba ikanyamaza. Madam alianza kunieleza habari ya duka la vitanda, neno likafuata neno kwa mbali zaidi, mara kidevu kikagusa kifua. Akaanza kukoroma taratibu. Mkoba ukateleza mapajani, ukaegemea mkono wa kiti. Zipu haikufungwa mpaka mwisho. Pembe ya pasipoti ilikuwa inachungulia.

Sijawahi kuiba. Lakini kile kilikuwa changu, na picha iliyomo ndani ni ya uso wangu.

Nikanyanyuka polepole, mkono nimeutanguliza juu ya kitanda.

"Bi Mdogo."

Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama toka kwenye mto.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Chooni, Bi Mkubwa."

"Mwongo. Unakwenda kwa Mzee."

Nikasema, "Mzee amelala."

"Basi na wewe lala."

Mkono ukatoka chini ya shuka, ukanikamata kifundo cha mkono. Nguvu zile nilimpa mimi, kijiko kwa kijiko. Nikanyoosha mkono wa pili kuelekea mkobani. Haukufika. Ulipungua kidogo tu, upana wa kiganja. Nikajivuta.

"Unataka kuniibia," akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Mwi..."

Madam akajigeuza kitini, akameza mate.

Nikakaa upesi. "Sss. Hakuna mwizi. Niko hapa."

"Nikilala utaondoka."

"Siondoki."

"Nikilala utakula chakula changu."

"Nimekuachia chote, Bi Mkubwa. Mpaka cha kesho."

Akanichunguza. Mtu huyu hajui mwaka, hajui watoto wake, lakini uwongo wangu alikuwa anausoma kama maandishi makubwa ukutani.

"Mlifukuzwa mvua inanyesha," akasema. "Wewe na mzigo wako. Nilikuona dirishani."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Mume wako alikuwa amekufa."

"Bado," nikasema. "Hajafa bado."

Nikaanza kumpapasa kichwa kwa mkono uliokuwa huru, kama ninavyowapapasa wajukuu, kutoka kwenye paji kurudi nyuma. Kope zikashuka, zikapanda, zikashuka. Alinung'unika neno ambalo sikulipata. Nikaendelea kupapasa. Nje hapakuwa na sauti, kibandani wala barabarani. Pumzi zake zikawa ndefu, mdomo ukafunguka kidogo, taya likalegea.

Akalala.

Nikajaribu kuvuta mkono. Vidole havikuachia.